Safu ya Majembe Chini ya Kilima

Kila asubuhi, kabla ya kushika kipima sumaku, Ergash alivua saa na mkanda na kila chenye chuma, akafunga suruali kwa kamba ya katani. Wanawake waliochuma pamba kando ya kilima walimtania kwamba mkewe kamfukuza usiku na kamba ya mbuzi. Alicheka nao, kisha akatembea mistari yake akitafuta kuta za mji uliofukiwa miaka elfu mbili iliyopita.

Siku ya kwanza ramani iliyochorwa na mashine ilionyesha madoa kumi na tisa meusi ya chuma, yametawanyika. Siku ya pili yalikuwa yamesogea. Ya tatu yalikuwa yamejipanga safu. Ergash alikagua nyaya, zilikuwa nzima. Mpishi wa msafara wao wa akiolojia, Bi Oysuluv, alileta chai, akaitazama ramani na kumweleza. Hao ni watu wa shamba la ushirika, waliochukuliwa na askari mwaka 1937 majembe yakiwa mikononi, wakapigwa risasi na kufukiwa nayo hapa. Wamesikia mlio wa mashine wakadhani mnyapara anaita majina. Zamani asiyeitika alikosa mkate wa siku.

“Huyu wa nne ni baba,” alisema. “Jembe analiweka bega la kushoto. La kulia lilivunjwa na farasi.”

Bi Oysuluv alikuwa na miaka miwili baba alipochukuliwa; habari za bega alisimuliwa na mama. Sasa, miaka sitini baadaye, ana sitini na ushei, na ofisi ya wilaya bado inamnyima ruhusa ya kuweka jiwe, kwa kuwa hakuna karatasi inayosema pana kaburi. Ramani ni karatasi. Aliomba baba abaki humo, basi.

Ergash alimpelekea ombi mkuu wa msafara, Mwalimu Rasulov, mtu mpole asiyependa makuu.

“Chuma cha juzi hicho, mdogo wangu. Kinatuchafulia mji. Kisafishe.”

“Ni watu, Mwalimu.”

“Najua. Babu yangu mimi ni wa saba pale. Safisha.”

Ergash alibonyeza kitufe cha kufuta. Madoa yakafutika, kuta zikatokea vizuri, ramani ikapelekwa mji mkuu, Tashkent.

Kesho yake alipita tena mstari uleule. Safu ilikuwa palepale, ila jembe la nne lilikuwa juu kuliko mengine, karibu na uso wa ardhi, limeinuliwa kama afanyavyo mtu aliyerukwa jina. Akamwonyesha Bi Oysuluv.

“Mwambie alishushe,” alisema. “Hata leo hawamwiti.”