Nyoka wa Larkin

Bi Verdie Sapp anasema yule nyoka alimvizia. Anasema alikuwa ametoka na beseni la nguo, hajafika hata kwenye kamba, akamwona kichwa-shaba, nyoka wa sumu, amejikunja chini ya ngazi za baraza lake, mnene kama mkono wa mwanamume, na yule nyoka akasimama kwa mkia akamtazama usoni kama mtu mwenye kesi naye. Anasema alipokimbia, nyoka naye alikimbia. Wakazunguka nyumba, Bi Verdie mbele, nyoka nyuma, mpaka jembe likamjia mkononi lenyewe. Alipokwisha kumkata kichwa akamtundika kwenye seng'enge, tumbo likitazama mbinguni, kama mama yake alivyomfundisha kuita mvua, na kesho yake mvua ikanyesha, baada ya kiangazi kilichokausha hata visima.

Mvua ilinyesha kweli. Hayo mengine Corliss Thigpen aliyaona kupitia dirisha la jikoni lake, nyumba ya pili, na hayakuwa hivyo. Nyoka alikuwa amelala juani kando ya pipa, na hakusogea hata jembe lilipoinuliwa. Lakini Corliss hakusema kitu. Siku mwanawe Larkin alipobanwa na pumu mpaka midomo ikawa rangi ya zabibu, na Denzil, mumewe, yuko kiwandani na gari, ni Bi Verdie aliyempakia mtoto kwenye pikapu na kupita taa nyekundu zote mpaka hospitali. Mtu wa namna hiyo akikuambia nyoka alisimama kwa mkia, unamwambia pole.

Wanasema aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Bi Verdie hakuwahi kuumwa hata na siafu wa maana, lakini ung'ongo ukimpitia mbele ataukata vipande.

Ndiyo maana Corliss alilifikiria sana ombi la mwanawe la kufuga nyoka. Larkin alikuwa na miaka kumi. Aliwahi kuwa na mbwa, Biskuti, ambaye daktari aliwaambia wamtoe nyumbani, manyoya yake ndiyo yanayombana mtoto kifua. Alipoondolewa, Larkin hakulia mbele ya watu. Aliacha tu kucheza nje. Kisha shuleni akaja mwanamke mmoja na nyoka shingoni, akawaachia watoto wamshike, na Larkin akarudi nyumbani anaongea kama redio. Nyoka hana manyoya, mama. Hana mabawa. Hapigi kelele.

"Na mimi nitalala wapi?" Corliss alimuuliza, maana yeye mwenyewe hakuwapenda.

"Kitandani kwako, mama. Yeye atalala kwenye sanduku lake."

Mwisho alikubali. Ila gari la nyumbani lilikuwa limekufa betri, na maonyesho ya wanyama watambaao yalikuwa Jumamosi hiyo, kwenye ukumbi wa kilimo wa kaunti. Bi Verdie akasema atawapeleka.

"Siendi kuona nyoka," akasema akiwasha pikapu. "Naenda kwa ajili ya karanga za kuchemsha. Yule mzee wa mlangoni anazitia chumvi vizuri."

"Bi Verdie, karanga zinauzwa hata kituo cha mafuta," Larkin akamwambia.

"Za kituo cha mafuta zina ladha ya mafuta. Funga mkanda wako."

Ndani ya ukumbi meza zilijaa vikopo vya plastiki, vile vya kutilia saladi ya viazi, vifuniko vimetobolewa matundu. Katika kila kikopo alikunjwa nyoka mdogo, mwembamba kama kamba ya kiatu. Bi Verdie alisimama katikati ya njia, mkoba kifuani, kama mtu aliye kwenye daraja la kamba. Alikuwa na karanga zake tayari. Hakuzila.

Larkin alikimbilia rangi. Mwekundu, wa manjano, mwenye pete tatu kama soksi za mpira. Kulikuwa na mmoja mwenye pua iliyobinuka kama ya nguruwe, ambaye alipoguswa alijigeuza chali, ulimi nje, akajifanya amekufa. Muuzaji alimrudisha kifudifudi, naye akajigeuza tena chali, kana kwamba maiti hulala upande mmoja tu.

"Huyo ana akili kama shemeji yangu," Bi Verdie akasema, na kwa mara ya kwanza akamenya karanga.

Corliss hakutazama rangi. Alisimama kwenye kila meza akitazama wauzaji. Wa kwanza alisema nyoka wake wote wanakula, hakuangalia hata kikopo. Wa pili alisema hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa mwanamke mnene mwenye misuko ya kijivu, Nell Osteen jina lake, na Larkin alipomwonyesha nyoka mweupe mwenye macho mekundu, mzuri kama peremende, yeye alitikisa kichwa.

"Huyo simuuzi kwa mtu anayeanza, mwanangu. Hali panya mpaka huyo panya nimpake harufu ya mjusi. Wiki nyingine hata mjusi hamtaki. Utamlilia."

Corliss akapiga hatua karibu na meza hiyo.

"Anayeanza anunue yupi?" akauliza.

"Anayekula panya aliyegandishwa bila kubembelezwa. Anayetoa ulimi ukimshika, maana huyo anakuuliza wewe ni nani. Asiyetoa ulimi ameogopa, au anaumwa. Rangi ni ya mwisho."

Corliss tayari alikuwa na wake moyoni. Kwenye pembe ya meza palikuwa na nyoka mfalme, mweusi, mwenye mistari myeupe kama mnyororo. Nyoka mfalme kwao haguswi. Anakula nyoka wa njuga, wale wenye mkia unaolia, na hata Bi Verdie akimkuta barabarani husimamisha pikapu mpaka apite. Akitoroka huyo, Corliss aliwaza, atarudi mzima.

"Mshike huyu," akamwambia Larkin.

Larkin akamshika. Nyoka mfalme alimnyea mkononi uchafu wenye harufu ya soksi mbovu, kisha akaukamata ukucha wa kidole gumba na kuutafuna taratibu, kama mtoto anayeota meno. Larkin hakuumia. Lakini Corliss alimwona mwanawe anavyoinua mabega ili apate pumzi, akamtoa nyoka mwenyewe kwa vidole viwili, hata hakukumbuka kuogopa.

"Wanatulia wakikua," Nell akasema. "Si wote."

Ndipo Larkin akamnyooshea kidole mmoja ambaye hakuna aliyekuwa anamtazama. Rangi ya majani makavu ya msonobari, na madoa mekundu ya udongo mgongoni. Nell alimwaga nyoka huyo kwenye kiganja cha mtoto. Akatoa ulimi. Akapita kati ya vidole, akazunguka kifundo cha mkono, akakaa. Mabega ya Larkin yakashuka.

"Huyu anakula?" Corliss akauliza.

"Huyu anakula kama yuko harusini."

Bi Verdie alikuwa amesogea. "Corliss," akasema kwa sauti ya chini, "mtoe mtoto. Huyo ni kichwa-shaba."

"Huyu ni nyoka wa mahindi, mama," Nell akasema. "Hana sumu hata ya kumlevya panya. Vichwa-shaba kaunti hii hawapo, wako ng'ambo ya mto, kule magharibi. Watu huwachanganya kila siku. Tazama tumbo."

Akamwinua kidogo kutoka kwenye mkono wa Larkin. Tumbo lilikuwa na vibao vyeusi na vyeupe, vimepangwa kama ubao wa drafti.

Corliss, Larkin na Bi Verdie walikuwa wamelisoma tumbo kama hilo siku kadhaa kwenye seng'enge ya Bi Verdie, limegeuzwa juu kwa ajili ya mvua, basi la shule likipita na watoto wakilihesabia miraba.

"Kama yule wa—" Larkin akaanza.

Corliss akamwekea mkono begani.

Bi Verdie aliifunga karatasi ya karanga, akaikunja mara nyingi kuliko ilivyohitaji. "Hapa ndani kuna joto," akasema, na akatoka.

Corliss alibaki akimtazama nyoka. Kama Nell angekuwa na mweupe anayekula, angemchukua huyo, maana hakuna jembe litakalomdhania mweupe kuwa kichwa-shaba. Lakini mweupe hali bila kubembelezwa, na mfalme anatafuna. Na mtoto amesimama pale anapumua.

"Hawa hutoroka?" akamuuliza Nell.

"Dada, nisikudanganye. Kila nyoka hutoroka siku moja. Mtu amesahau kubana kifuniko, basi. Wengi utawakuta nyuma ya jokofu. Mmoja mmoja hufika nje."

"Nje."

"Wanapenda jua. Kando ya ukuta, kando ya pipa, mahali pa namna hiyo."

Corliss alitazama mlango ambao Bi Verdie alipitia. Kumwambia Larkin amrudishe lilikuwa jambo la neno moja tu. Alimwona mwanawe amekunja kiganja kumkinga nyoka na hewa ya feni.

"Tumchukue huyu," akasema.

Nell akamtia kwenye mfuko mdogo wa kitambaa, akafunga fundo, akamwambia Larkin asimshike juma zima, ampe maji na giza na amwache azoee nyumba. Hapo ndipo wengi huharibu, akasema, wanapenda sana mapema.

Walirudi wamebanana kwenye kiti kimoja cha pikapu, Larkin katikati, mfuko mapajani. Bi Verdie hakuwasha redio. Walipita mashamba ya misonobari, kanisa, ghala la mbolea. Larkin akasinzia.

"Mnene kama mkono wa mwanamume," Bi Verdie akasema peke yake. Hakucheka.

"Uliogopa, Bi Verdie."

"Sikuogopa. Nilikuwa na jembe." Akabadilisha gia. "Mama yangu naye aliwaua. Na mama yake. Ngazini pangu sijawahi kuwaacha wakae."

"Najua."

"Na mvua ilinyesha."

"Ilinyesha," Corliss akasema. Larkin alikuwa amelalia bega lake, pumzi inaingia na kutoka bila mluzi. "Bi Verdie, siku moja huyu atatoka. Mimi nitabana kifuniko, na Denzil atabana, na Larkin atabana, lakini atatoka. Atakuja kwako kwa sababu kwako kuna jua. Sikuombi umpende. Sikuombi umguse. Nakuomba ukimwona, kabla hujaliendea jembe, uniite kwanza. Nitakuja hata kama nimejipaka sabuni mwilini."

Bi Verdie alipunguza mwendo kwenye makutano ya reli. Akasimamisha pikapu kabisa, akatazama kushoto, akatazama kulia, kwenye vyuma vilivyoota nyasi ambavyo treni haijavipitia tangu Corliss akiwa msichana. Kisha akatazama tena kushoto. "Nitakuita kwanza," akasema, "lakini jembe litakuwa mkononi."