Mayai ya Kambale Hayatiwi Chumvi

Mama mkwe wangu, Pulchérie, alikuwa na dawa moja tu ya mwanamke asiyezaa: mayai ya kambale. Yanachemshwa ndani ya jani la mgomba, bila chumvi, na mgonjwa anayala kizingitini huku mama mkwe akimtazama, asibakize hata punje. Mgonjwa ndiye mimi, Dorothée, ingawa siumwi popote ila masikio, kwa maneno yake.

Masika ya mwaka wa hamsini na tatu mto Mutambala ulifurika, kambale wakapanda matumbo yamewavimba. Nilikula mayai asubuhi na jioni mpaka nikachukia hata kupita kando ya maji. Mimba haikuja. Kila mwezi mama mkwe alinikagua kama Mbelgiji wa pamba anavyokagua mashamba yetu, akaguna, akaenda zake.

Mwaka uliofuata alichoka kuguna. Alitangaza katika mji wetu wote wa Baraka kwamba nikila mayai ya msimu huo nisishike mimba, mwanawe Isidore atamwoa Constance, msichana wa kijiji cha Nundu. Na Isidore, mume wangu, kila nikimwuliza jibu lilikuwa lile lile: "Mama ndiye anajua." Mtu mzima na ndevu zake, hana lingine la kusema.

Basi mwaka huo mvua ikakosa. Isidore alihangaika mtoni, akarudi na kambale mmoja, mkubwa tu, na kumkuta mama yake amekwisha kaa na jani lake mapajani. Isidore akampasua samaki. Mayai hayakujaza hata kijiko.

"Samaki ya bure hii," Isidore akasema. "Mwaka jana moja tu ilijaza sahani."

Mama yake akamkatiza. "Usiitukane, mutoto yangu. Mvua ilikosa, chakula ilikosa, itatoa mayai namna gani? Uiache. Mwaka ingine itajaa tena."

Nilikuwa nimechoka, nimechoka kabisa, nikashindwa kunyamaza.

"Mama, samaki unaipa mwaka ingine. Na mi je?"

Isidore aliweka kisu chini, akanawa mikono taratibu.

"Mama," akasema, "mi Constance simutaki."

Mama mkwe aliinama juu ya yale mayai machache. Aliyafunga katika jani, akayaweka motoni, akayaangalia mpaka yakaiva. Nikaenda kukaa kizingitini, mahali pangu.

"Toka pale, mukamwana," akasema. "Leta chumvi, tukule."