Banda Lenye Mlango wa Kioo

Enzi kilima kile kilipokuwa shamba, watu walimcheka Mzee Matuta kwa kulima mahali ambapo hata mbuzi hushuka kwa wasiwasi. Yeye na mkewe wakabeba mawe, wakapanga matuta, moja juu ya jingine, mpaka kilima kikakaa kama ngazi. Hapo ndipo jina lilipomganda. Juu wakapanda viazi, katikati maharage, chini wakajenga banda la ng'ombe. Watoto wao wote walisomeshwa na maziwa ya banda lile.

Kisha barabara ya lami ikapita bondeni, na watu wa mjini wakagundua kwamba kilima kina upepo mzuri. Magoti ya mzee yalikuwa yamechoka. Binti yao wa mwisho, aliyewahi kufanya kazi hotelini, akasema, "Baba, hawa watu wanataka kulala tu na kuangalia milima. Tuwape walale."

Ghala likawa chumba cha wageni, jiko la nje likawa kingine. Wenyewe wanaviita koteji. Likabaki banda. Mzee mwenyewe, akili zake zikiwa bado timamu, akamwita mchuuzi wa ng'ombe akamuuzia wote, hata Tulia, aliyemlea kwa chupa baada ya mama yake kufa.

"Ndama wangu walilala pale bure," alitania, "sasa watu watalipa." Akacheka mpaka akakohoa. Chakula cha jioni hakukigusa.

Banda likawekwa kitanda na mlango wa kioo, likawa koteji ya tatu. Mwaka uliofuata akili ikaanza kumtoka. Alisahau majina ya wajukuu, akasahau barabara, akasahau kwamba ng'ombe hawapo. Mikono tu ndiyo haikusahau. Alfajiri anaamka, anabeba ndoo, anashuka bandani kukamua.

Mara ya kwanza koteji ilikuwa tupu. Mara ya pili alilala mgeni mmoja, mama wa makamo, ambaye hakufunga ule mlango wa kioo. Akaamka akakuta mzee ameketi kando ya kitanda, anampapasa mguu na kumbembeleza, "Sogea, mama, sogea kidogo." Mayowe yake yalifika barabarani.

"Nimemwomba radhi mpaka mate yamenikauka," binti akamwambia mama yake. "Akirudia, namwita kaka aje amchukue. Ana chumba huko mjini, ghorofa ya tatu, na getini kuna mlinzi."

"Baba yako hajawahi kulala mahali asipoona udongo."

"Basi mfungie mlango, mama."

"Nimfungie mume wangu kama kuku?"

Binti akaangalia pembeni. Naye alikuwa analia, ila kazi ya wageni ilishamzoeza kulia bila sauti.

Mke akahamia upande wa kitanda ulio karibu na mlango. Mzee alipoamka, akamwambia, "Nimeshawakamua. Rudi ulale."

"Nionjeshe."

Akamchemshia maziwa ya pakiti. Mzee akaonja, akaweka kikombe chini. "Haya si ya kwetu. Wanaumwa hawa." Akaitafuta ndoo, na mkewe akamng'ang'ania shati mpaka kukapambazuka.

Kesho yake akaamua kusema kweli. "Waliuzwa, baba watoto. Uliwauza wewe."

"Mimi? Mimi nimuuze Tulia?" Akashika kichwa, akatoka bila viatu, akimwita mchuuzi arudi. Mkewe alimfikia kwenye tuta la pili, ameanguka. Wakakaa juu ya mawe yenye umande, wanalia wote wawili. Huko chini pazia la koteji likafunguka kidogo, likafungwa.

"Ikitokea tena, mama, napiga simu," binti akasema. "Usinilaumu."

Siku nzima mama yule aliwaza, akimwangalia mumewe. Katika ndoa yao mzee hakumpiga wala hakumpigia kelele. Akiudhika aliugeukia ukuta, akajifunika blanketi, asinyanyuke mpaka mchana. Ujanani aliuogopa mgongo ule kuliko fimbo.

Alfajiri akasali mapema, akamwomba Mungu amsamehe neno atakalolisema. Mzee aliponyanyuka, akamshika mkono.

"Ng'ombe hawapo."

"Wako wapi?"

"Nimewauza."

"Wewe?"

"Mimi."

"Hata Tulia?"

"Hata Tulia."

"Bila kuniambia?"

"Bila kukuambia."

Mzee akauchomoa mkono wake. "Nilidhani nakujua," akasema. Akaugeukia ukuta, akajifunika.

Hakushuka bandani. Adhuhuri alikuwa ameshasahau, akaomba chai, akamtania mkewe kwamba anazeeka vibaya. Kaka hakupigiwa simu.

"Umemfanyaje?" binti akauliza.

"Nimeongea naye tu."

Tangu hapo huongea naye kila alfajiri, na kila alfajiri kwa mzee ni mara ya kwanza. Siku nyingine huugeukia ukuta papo hapo. Siku nyingine humuuliza alimkosea nini. Juzi alimwambia, kwa sauti ya chini ambayo mkewe hajawahi kuisikia, "Toka nyumbani kwangu."

"Nitatoka, mzee. Lala kwanza."

Akajifunika. Mkewe akanyoosha mkono kumgusa bega, na bega likajivuta. Akaurudisha mkono mapajani, akakaa pale pale ukingoni mwa kitanda, akimwomba Mungu hasira ile idumu angalau mpaka wageni waamke.