Namba Kwenye Mushanana wa Gaju

Mimi ni mhadhiri wa hisabati, tena mwenye mdomo. Siku ya gusaba, yaani siku ya kwenda kumwomba Gaju kwa baba yake, sikutaka kupeleka ng'ombe tu kama wengine. Nilimpa fundi wa Kimisagara mushanana wa Gaju, vazi linalofungwa begani, akalidarizi kifuani kwa uzi wa dhahabu: 536870911. Ni mbili ishirini na tisa zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, kisha toa moja. Gaju ana miaka ishirini na tisa. Ishirini na tisa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, basi nikaona na hiyo kubwa haigawanyiki. Darasani tunaiita namba tasa, ila msemaji wetu, mzee Mutabazi, alinikataza kabisa kutamka "tasa" mbele ya wakwe.

Hemani pale Kiyovu, Mutabazi alijimwaga. "Wazee, hii namba iko na nguvu! Hakuna mutu anaigawanya! Na hawa batoto, nani atawagawanya?"

Vigelegele. Baba mkwe, mzee Mugenzi, aliyefundisha hesabu Karagwe kabla ya kurudi Rwanda, akaomba kipaza sauti.

"Bernard mwanangu, umejuaje haigawanyiki?"

"Kwa sababu ishirini na tisa haigawanyiki, mzee."

Nilipomaliza kusema tu, nikalisikia kosa langu. Kila mwaka nawafokea wanafunzi kwa kosa hilohilo! Kubwa isipogawanyika, idadi ya mbili zake nayo haigawanyiki; kinyume chake si lazima. Tena kigawanyo chochote cha namba ile, ukikipunguza moja, kinagawanyika kwa hamsini na nane. Ningejaribu hamsini na tisa, ingekataa. Ningejaribu mia mbili thelathini na tatu, ingekubali. Sikujaribu.

Mzee akainua kipaza sauti. "Sawa," akawaambia watu. "Gaju tumewapa."

Akaja kunikumbatia. "Mia mbili thelathini na tatu," akaninong'oneza. "Tusimharibie siku yake."

Afadhali angenizaba kofi. Gaju akatoka kifua mbele, akiwaonyesha shangazi zake ile namba, na kila meza wakapiga kelele, "Haigawanyiki!" Mimi natabasamu, nataka ardhi inimeze.

Akaketi kando yangu. "Baba amekuambia nini?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia.

Alivuta kitambaa cha begani akaifunika namba, kisha akainuka kwenda kumsalimu mama yangu, mkono mmoja ukiwa kifuani.