Pengo Jeupe Ukutani

Hesba Tyson alikuwa akisuuza brashi katika kikombe kilichovunjika mkono, kijito alichokichora kikaanza kutiririka kutoka kwenye karatasi. Kilipita mezani kikashuka kwenye zulia. Bi Birkett, mtumishi wa nyumba, alileta beseni.

"Afadhali kinaleta na kitoweo," alisema, akiokota samaki wawili wenye madoa mekundu.

Lancelot, kaka yake Hesba, aliwala asubuhi kwa mkate wa shayiri. Alisema hawana chumvi.

Kijito chenyewe kilikuwa nyuma ya ukuta wa shamba, karibu kiasi cha kusikika. Hesba hakuwa amekigusa tangu mama yao afariki na funguo za milango zikabaki kwa Lancelot. Kwetu Cumberland, huku kaskazini mwa Uingereza, rangi za maji ni pambo la binti wa heshima, kama piano. Lakini binti anayekaa kwenye tope akichora mbele ya wachunga kondoo, huyo husemwa mpaka kanisani. Lancelot hakuwa mkatili. Angekuwa mkatili, ingekuwa nafuu.

"Nje baridi, dada. Utanifia kama mama."

"Nisindikize basi, kaka. Nikifika tu majini nitarudi."

"Maji si unayo hapo mezani?"

Hesba akachukua karatasi kubwa kuliko zote. Alichora ukuta wa mawe, na chini yake tundu la kupitisha kijito, kama wajenzi wetu wafanyavyo. Nyuma ya ukuta alichora bonde zima, nyasi na mlima. Katikati ya ukuta aliacha pengo la kupita mtu mmoja, asilipake kitu. Katika rangi za maji nyeupe haipakwi, huachwa. Mwanga wote ni karatasi tupu, na ukishaifunika haurudi.

Jioni alijaribu kupitisha mguu kwenye pengo. Kiatu kilirudi na umande.

"Kesho naenda," alimwambia Bi Birkett. "Nikishampa kaka chai yake naenda, na sirudi."

"Vaa soksi nzito, mwanangu. Kule kuna tope."

Kesho yake, Hesba akiwa jikoni anamimina chai ya kuaga, Lancelot aliingia chumbani akaitazama picha. Aliona pengo, akamhurumia dada yake kwa kusahau. Akachovya brashi kwenye rangi ya kijivu, akaliziba jiwe kwa jiwe, taratibu, maana alimpenda.

"Nimekumalizia, dada! Kondoo wangetoroka wote."

Hesba alisugua yale mawe kwa sponji hadi karatasi ikachubuka. Ukuta ukabaki palepale, ila sasa ulionekana wa zamani zaidi. Alilia kwa sauti.

"Mkono huo, bwana," alisema Bi Birkett, "ungeuacha mfukoni."

Picha iliegemezwa sebuleni, beseni mbele yake. Maji bado hutoka katika lile tundu la chini, na wageni wamezoea kuinua miguu. Kila alasiri Hesba hupiga magoti, hukunja mkono wa gauni, huuingiza mkono tunduni mpaka begani, akapapasa nyasi za upande wa pili.

"Dada yangu huyu," Lancelot huwaambia wageni, akichambua miba ya samaki, "anavyopenda nje, hamjui tu."

Kisha humwambia autoe mkono, asije akashikwa na baridi.