Nilichelewa Njiani, Mama

Treni iliondoka asubuhi na mapema, na kwa saa nyingi Fundi Miwani hakujua kama yu macho au yu usingizini. Ukungu ulikuwa umelalia mashamba, miti ikichomoza vichwa tu kama watu wanaooga mtoni. Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, hata yeye mkewe, alikuwa amemwegemea begani akikoroma taratibu. Walikuwa na miezi mitano tu ya ndoa. Bibi harusi alikuwa na miaka hamsini na mbili, na watu walikwisha kuchoka kumuuliza ataolewa lini. Leo alikuwa anapelekwa kula Krismasi na ukoo mzima.

"Mwalimu," alisema. "Wakinilinganisha naye, je?"

Mwalimu alifumbua jicho moja. "Watakulinganisha. Wamempenda miaka ishirini na sita. Wewe kuwa vile ulivyo, basi."

Aliyesemwa alikuwa mke wa kwanza, aliyefariki miaka minne iliyopita. Ukweni walimpachika jina la Chiriku, maana maneno yalikuwa hayamwishi. Fundi Miwani yeye alizoea kushinda dukani kwake akisugua vioo, ulimi umelala.

Walifika mchana katika manyunyu. Nyumba ilifurika mawifi na mashemeji, na watoto waliokimbizana na tepe za karatasi za rangi. Walimpokea mizigo kwa adabu, ile adabu anayopewa mgeni ambaye bado hajulikani ni wa aina gani. Ndipo mama mkwe, aliyekuwa ameketi kibarazani, miwani imemwendea upande, akanyoosha mikono yote miwili.

"Chiriku! Umerudi, mwanangu! Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Wifi mkubwa akajiziba mdomo. Wote walijua kwamba akili ya mama siku hizi ilikuja na kwenda kama mawingu, lakini hakuna aliyedhani ingekwenda huko.

"Mama, huyu siye..." Mwalimu alianza.

Fundi Miwani akamgusa mkono. Akapiga magoti, akaingia katika kumbatio lile lililonukia sabuni na majani makavu.

"Nilichelewa njiani, mama. Nisamehe."

Alasiri nzima hakuachiwa mkono. Alisimuliwa vituko vyake ambavyo hakuvifanya: siku alipomfukuza mbwa wa jirani kwa mwavuli, siku alipocheka kanisani hadi mchungaji naye akashindwa kuendelea. Mvua ililia juu ya bati, sauti ya mama ikapanda na kushuka, na taratibu Fundi Miwani akajikuta anakumbuka. Aliuona mwavuli. Alimwona hata mbwa, mweupe, sikio moja limelegea.

"Mbona siku hizi husemi?" mama mkwe akauliza.

"Nakusikiliza, mama."

"Makubwa! Chiriku anasikiliza!"

Kengele zilipolia, wengine wote waliondoka kwenda ibada ya jioni. Wakabaki wawili. Miwani ya mama ikateleza puani kwa mara ya kumi, na Fundi Miwani hakuweza kuvumilia tena. Aliivua, akatoa mkobani bisibisi nyembamba kama sindano, akakaza skrubu, akanyoosha mikono ya miwani, akavipulizia pumzi vioo na kuvifuta kwa upindo wa kitenge. Akamvisha tena.

"Inabana, mama?"

Mama mkwe alimtazama kuanzia paji la uso hadi kidevu.

"Wewe si Chiriku."

"Si mimi, mama."

"Sasa mbona uliitika?"

"Ulifurahi mno. Niliona vibaya kukunyima."

Mvua ilikuwa imekatika. Matone yalidondoka moja moja kutoka kwenye paa.

"Chiriku yuko wapi?"

Fundi Miwani alitupa macho getini. Hapakuwa na mtu wa kumsaidia. "Alifariki, mama. Mwaka wa nne huu."

"Nilimzika?"

"Ulimzika. Mwalimu anasema ulisimama mpaka mwisho. Uliletewa kiti, ukakikataa."

"Ningekikataa, ndiyo," alisema mama mkwe polepole, na machozi yakamtiririka chini ya vioo safi. Fundi Miwani naye akalia, akimlilia mwanamke ambaye hakuwahi kumwona, ila alikuwa ameshinda naye alasiri nzima.

Hatimaye mama mkwe akapenga kamasi. "Na wewe una maneno, au una bisibisi tu?"

"Ninayo machache."

"Haya, yalete. Wewe mtoto wa nani?"

Akaanza. Alisimulia juu ya baba yake aliyekuwa kipofu, na jinsi yeye alivyokuwa mtoto wa kumwelezea rangi za vitu vyote. Alisimulia ile siku Mwalimu alipoingia dukani kudai kwamba miwani yake imeibwa, huku ameivaa. Waliotoka kanisani wakakuta mama anacheka hadi anajishika mbavu. Wakasimama uani na viatu vyao vya ibada, hakuna aliyetaka kukatiza.

Wifi mkubwa ndiye aliyevuta kigoda, akaketi karibu kabisa.

"Wifi," alisema, "rudi nyuma kidogo. Sisi mwanzo umetupita."