Baba Subiri

Kiwandani walimwita Injinia, na mwanzoni lilikuwa jina la kejeli tu. Alikuwa fundi wa pampu kwenye kiwanda cha sabuni, mtu wa kuweka ncha ya bisibisi kwenye mashine na mpini sikioni, akasikiliza weee, kisha akasema, "Beringi ya nyuma hii. Haimalizi wiki." Na kweli haikumaliza wiki. Wenzake walimtania kwamba mashine zinampa umbea.

Siku moja kiwanda kilileta msemaji wa semina, bwana mmoja wa viatu vilivyochongoka, akawataka waandike malengo yao makubwa na kuyabandika mahali watakapoyaona kila wakiamka. Lipi litangulie hakuwaambia. Wengi walijipepea kwa karatasi zao. Injinia aliibandika yake ukutani sebuleni kwa gundi ya kiwandani, ile isiyobanduka. Ilikuwa na mistari minne: cheti, stashahada, kuwa injinia wa kweli, na chini kabisa, kujifunza lugha ya alama.

Mstari huo wa nne ulikuwa wa binti yake. Akiwa na miaka mitatu alipatwa na homa kali, ikamwachia uhai ikaondoka na masikio. Mama yake hakuandika lengo lolote popote. Kila Jumamosi asubuhi alikwenda kwa mwalimu wa viziwi, akarudi na maneno matano au sita, akamfundisha mtoto jikoni, wamekaa sakafuni. Baada ya mwaka mmoja mama na mwana walikuwa wakipiga soga kwa mikono mpaka chungu kinaungua.

"Na wewe njoo, japo Jumamosi moja," mkewe alimwambia. "Mtoto ana maneno mengi huyu. Sitakuwa mkalimani wenu milele."

"Nikimaliza mtihani, mke wangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Haya, inama. Ila usije ukasahau kuinuka."

Basi akainama miaka minne. Jioni alikuwa darasani, Jumamosi na Jumapili vitabuni. Mtoto akija kumvuta shati, mikono yake midogo ikisema hiki na kile, yeye macho hayatoki kitabuni, aliinua kiganja tu: subiri. Hakuwahi kumfokea, na hilo nalisema kwa haki yake. Alikuwa baba mpole. Na mtoto naye, kila akimwona baba anaingia mlangoni, alimwinulia kiganja vilevile, huku akitabasamu. Injinia akaamini kwamba hiyo ni salamu yao wawili. Hata kiwandani alijisifia, "Binti yangu ana namna yake ya kuniamkia."

Matokeo yalitoka Jumatatu. Alikuwa amefaulu, na sasa jina la Injinia halikuwa la kejeli tena. Alhamisi mkewe alishikwa na maumivu ya tumbo, akachukua mkoba wake, akambusu mtoto, akaenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe. Kwenye chumba cha upasuaji hakutoka hai. Walimzika Jumamosi, saa zilezile za darasa lake la alama.

Wakubwa waliamua mtoto asifike makaburini. Aliachwa kwa jirani, na aliporudishwa alikuta nyumba imejaa watu na mama hayumo. Alipenya katikati ya miguu ya watu, akamvuta baba suruali, akasema kitu kwa mikono. Injinia hakujua anasema nini. Machozi yalikuwa yamemziba macho. Akafanya lile aliloweza kufanya: akainua kiganja. Mtoto alimtazama, akatikisa kichwa kukubali, akaenda kukaa.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi mtoto alizitoa kandambili za mama yake chini ya kitanda, akazipanga mlangoni, ncha zikielekea ndani. Kisha alimgeukia baba na kusema jambo lilelile kwa mikono. Dada yake Injinia, aliyekuja kumsaidia kulea, alizirudisha kandambili kila jioni na kusema, "Muache, kaka, analia kwa namna yake." Mwingine wa kuzungumza na mtoto kwa mikono hakuwapo. Shule alikuwa hajaanza; nafasi kwenye shule ya viziwi ilikuwa bado haijapatikana.

Jumamosi ya tatu baada ya mazishi, Injinia alikwenda kwa mwalimu wa mkewe. Alikaa kwenye kiti cha kitoto, magoti yakimfika kifuani.

"Pole sana, baba," mwalimu alisema.

"Asante, Mwalimu, nimeshapoa," alijibu, maana ndivyo inavyojibiwa. "Kila siku mtoto anapanga kandambili za mama yake mlangoni, kisha ananiambia kitu. Nimekishika kwa macho. Nikuoneshe?"

Akaonesha. Kiganja kimeinuliwa. Kidole shavuni. Mkono ukivutwa kifuani. Viganja viwili wazi.

Mwalimu alimwomba arudie, kisha akavua miwani. "Shavuni ni mama. Kifuani ni kurudi. Viganja wazi ni lini. Anauliza mama anarudi lini."

"Na ule wa kwanza naujua. Ni salamu."

"Si salamu, baba. Ule ni 'subiri'. Mtoto kiziwi humpa kila mtu jina la mkono, kwa sura yake au kwa kitu anachofanya sana. Mama yake aliniambia zamani kwamba wewe amekupa hilo. Nilidhani unajua."

"Kwa hiyo anasema..."

"Anasema, Subiri, mama anarudi lini?"

Hapo ndipo Injinia alipokikumbuka kiganja chake siku ya mazishi. Mtoto aliuliza, naye akamjibu asubiri. Na mtoto aliyelelewa na neno hilo, mtii kuliko watoto wote, wiki ya tatu hii alikuwa akisubiri. Subira huvuta heri, wanasema watu. Waliosema hawakuziona zile kandambili mlangoni. Injinia alilia kwa sauti juu ya kile kiti cha kitoto, na mwalimu akamwacha alie.

"Nifundishe kusema amekufa," alisema alipoweza kusema.

"Ukitaka, nitakwenda nawe nimwambie mimi."

"Hapana. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri."

Ilichukua asubuhi nzima. Mikono iliyozoea spana ilikuwa mizito, haikunjiki inavyotakiwa. "Usilegeze," mwalimu alimwambia tena na tena. "Ukilegeza atasoma 'amelala', na utakuwa umemrudisha mlangoni."

Alipofika nyumbani, kandambili zilikuwa mahali pake na mtoto kando yake. Mtoto akamwinulia kiganja. Injinia alipiga magoti. Juu yake ukutani ilikuwa ile karatasi, mistari mitatu imepigwa tiki. Akasema kwa mikono, polepole, bila kulegeza: Mama amekufa. Harudi.

Kwanza mtoto alishangaa tu, kwa kuwa mikono ya baba ilikuwa imesema. Kisha maneno yenyewe yakamfika. Aliziokota kandambili, akazibana kifuani, uso ukakunjamana bila sauti. Injinia akanyoosha mikono amkumbatie.

Mtoto akainua kiganja.

Baba hakujua kama anaitwa jina lake au anaambiwa angoje. Akabaki palepale sakafuni, mikono imenyooka, akangoja.